Kituo cha Dada Angani

9 Januari

Mwanangu Kidole,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za wale wasiokaa nyumbani. Mimi mzima. Goti la shangazi yako limetulia tangu aache kupanda ngazi kwa hasira. Bati la jikoni lile lililokuwa likivuja nimeligongea msumari mwenyewe, juu ya meza, na sikuanguka. Chai ya kuuza inakwenda vizuri, usinifikirie.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ukiniambia neno zuri linapita, nikitaka kulisikia tena halipo. Barua yako naitoa kwenye mkoba, naisoma mbele ya watu, naikunja, narudisha. Na mwandiko wangu bado ni ule ule uliopewa kalamu ya zawadi darasa la saba. Darasa la saba la enzi zetu, mwanangu, si la mchezo.

Basi barua yako ya mwisho wa mwaka nimeisomea mtaa mzima. Kwenye mkutano wa mtaa walikuwa wanazungumzia mtaro. Nikanyoosha mkono, nikasema kabla ya mtaro kuna jambo. Nikasimama. Nikawaambia kwamba binti yangu, huyu huyu mliyekuwa mkimwita Kidole kwa sababu hakuna kitu alichokiona asikiguse, sasa anajenga kituo cha dada angani. Mkasi, jirani yetu mshona nguo, ambaye mdomo wake unakwenda kama cherehani yake, akauliza, "Kina dada wanakwenda kufanya nini huko juu?" Nikamjibu, "Wakifika watakuandikia."

Tangu siku hiyo wasichana watatu waliomaliza shule wameniletea vyeti vyao nikutumie. Wote wana akili, mmoja ana hesabu nzuri sana. Wanauliza kama kuna mabweni.

Nimekufumia sweta, utaliona kwenye kifurushi. Huko juu najua ni baridi. Nimefuma na kola ndefu, kwa sababu kifua chako nakijua mimi.

Niambie siku ya kuondoka. Mtaa unataka kutoka nje kutazama.

Mama yako

2 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sweta limefika na kola yake. Nilipolivaa ofisini, mkubwa wetu aliuliza nimelinunua wapi, nikasema halinunuliki.

Mama, nimecheka mpaka machozi, halafu nikashika kichwa. Si kituo cha dada. Ni kituo cha data. Data ni yale yote watu wanayoyaweka kwenye simu na kompyuta: picha, barua, nyimbo, kumbukumbu za benki. Hayakai hewani kama watu wanavyodhani. Yanakaa kwenye majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, safu kwa safu kama makabati, zinafanya kazi bila kulala na zinakula umeme mwingi mno. Zinapata joto, kwa hiyo zinapozwa kwa feni na maji. Sasa ardhi ni ghali, maji yanagombewa, umeme hautoshi. Ndiyo kampuni yetu ikauliza: je, tukizipeleka angani, kwenye jua lisilozibwa na wingu, haiwezekani? Na ikiwezekana, italipa?

Mimi sijengi, Mama. Mimi napiga hesabu kama inawezekana. Sehemu yangu ni joto. Na siendi juu. Hakuna mtu anayekwenda.

Waambie wale wasichana pole. Mtaro uliishia wapi?

Mimi mzima. Kazi ni nyingi, lakini ni nzuri.

Kidole wako

20 Februari

Mwanangu Kidole,

Salamu kwanza. Shangazi yako amepanda ngazi tena, goti limerudi. Mtaro haujachimbwa, wanasema wanangoja mtu wa vipimo.

Makosa ya dada na data ni yako. Nimeitazama tena barua ile kwa miwani. T yako ina kitambi. Mwalimu wako wa darasa la pili alinionya, nikamwambia mwanangu atanyooka. Basi hajanyooka.

Wasichana sijawaambia. Nilitaka, nikawakuta wameketi kwenye benchi langu wamechana nywele, wananipokea ndoo mikononi, nikashindwa. Nimesema nasubiri jibu. Vyeti viko kwenye sanduku la marehemu baba yako, havitapata vumbi.

Lakini hii data nimeipenda. Nimewaeleza watu upya, na sasa inasikika kubwa kuliko ya mwanzo. Mkasi ana maswali kama hakimu. "Nani atafagia huko juu?" Nikamwambia hakuna vumbi. "Nani atalipa umeme?" Nikamwambia jua, tena bila bili. "Na hilo joto?" Hapo nikamcheka kabisa. Nikamwambia, dada yangu, wewe umewahi kuona ndege ikipita juu kule? Rubani anasema nje ni baridi ya kugandisha maji. Sasa kompyuta ikipata joto si itapoa yenyewe? Bure! Ndiyo maana wanazipeleka. Akavunja sindano.

Hivyo ndivyo nilivyowaeleza, na najua nimepatia. Unakumbuka pale getini pa karakana, nilivyokuwa naweka sufuria ya chai kwenye ule ukuta wa upande wa upepo ili ipoe haraka kwa wale wenye meno mabovu? Ni hivyo hivyo, ila huko juu ukuta ni mkubwa zaidi. Baba yako alikuwa anatoka kwenye kuchomelea vyuma na ile miwani yake myeusi juu ya paji la uso, anakuja kuchukua kikombe cha kwanza, anasema "Mama Kidole, leo majani umeyatendea haki." Kila siku maneno hayo hayo. Nilikuwa nayachoka. Sasa ningeyalipia.

Chai inakwenda vizuri.

Siku ya kuondoka bado hujaniambia. Si wewe, kompyuta.

Mama yako

6 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako imekaa mezani wiki sita. Nilianza kukujibu mara nne.

Mama, juu kule hakupoi bure. Hili ni gumu kuwaeleza hata wakubwa wangu, na wao wamesoma. Unaikumbuka Bluu? Chupa yako kubwa ya chai, ile uliyopendelea kuliko zote. Ndani yake kulikuwa na vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati ya vioo hivyo hakuna kitu. Hata hewa haimo. Ndiyo maana chai ya asubuhi ilikuwa ya moto mpaka mchana. Joto halikuwa na njia ya kutokea.

Angani ndiyo hivyo. Ule upepo wa ukuta wa karakana haupo. Kompyuta ikipata joto ni kama chai ndani ya Bluu. Njia pekee ni joto kujitoa lenyewe polepole, kama lile unalolisikia mkononi ukiupitisha ubavuni mwa pasi bila kuigusa. Ili litoke la kutosha, unahitaji mabati mapana sana ya kulitolea, mapana kuliko kiwanja cha mpira, na mabomba ya kulifikisha huko. Mabati yana uzito. Na roketi inatoza kila kilo.

Nina mpaka mwisho wa Mei kuweka saini kwenye ripoti. Jina langu ndilo litakuwa la kwanza, kwa sababu joto ndilo swali.

Nilipokuwa naichora Bluu kwenye ubao wa mkutano, nilikumbuka na yule paka. Basi, tuyaache.

Wewe uko salama kweli? Kila barua unaniambia chai inakwenda vizuri, kwa maneno hayo hayo.

Kidole

25 Aprili

Mwanangu Kidole,

Salamu nyingi kama zamani. Mimi mzima. Shangazi sasa anatembea na fimbo na anaitumia kuwanyooshea watu.

Umenikumbusha Bluu. Nilikuwa na chupa saba, lakini ile ilikuwa malkia wao. Lita moja na nusu, ua jekundu ubavuni. Baba yako alininunulia siku alipopandishwa cheo, akaificha nyuma ya mlango, nikaipiga teke nilipoingia. Haikuvunjika siku hiyo! Miaka minne ikafanya kazi. Halafu nikarudi jioni moja nikakuta imevunjika kioo, na wewe, una miaka saba, umesimama wima kama askari: "Mama, ni paka." Paka wa watu alilala nje wiki nzima. Gamba la Bluu lipo hadi leo juu ya kabati, natia sindano za kufumia.

Sasa nikueleze jambo ambalo ulikuwa mdogo hukuliona. Unajua kwa nini karakana nzima iliniita Mama Bado? Wewe ulikuwa unalia shuleni ukiitwa mtoto wa Mama Bado. Ilikuwa siku yangu ya tatu pale getini. Msimamizi akatoka, jitu la watu, akapiga kelele, "Mama, chai!" Nikafunua sufuria, nikaona majani hayajatoa rangi. Nikasema, "Bado." "Watu mia wana kiu!" "Bado." "Nitaleta muuza chai mwingine!" Nikamwambia, "Kama una haraka, bomba lile pale, maji hayangoji." Wote wakacheka, naye akasimama na kikombe chake akingoja kama mtoto. Tangu hapo hakuna aliyenikimbiza. Walikuwa wanaulizana kwa mbali, "Mama kasemaje?" "Kasema bado."

Sijui kwa nini nimekuandikia hili. Nimeona T zako. Katika barua hii hazina hata kitambi, zimekonda. Kuna kitu huniambii.

Mtaa wote unangoja. Mkasi amenishonea gauni la siku hiyo na hataki hela, anataka tu akae karibu nami mtakapotangazwa. Mwenyekiti wa mtaa amesema mtaro tukiupata tutaupa jina lako. Nimekubali kwa niaba yako.

Mama yako

3 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, uisome barua hii peke yako, kisha uamue kama inaingia kwenye mkoba.

Hakutakuwa na siku ya kutoka nje kutazama.

Nilipiga hesabu miezi kumi na moja. Umeme wa jua ni kweli, upo, tena mwingi. Lakini ukijumlisha mabati ya joto, roketi ya kuyabeba, miale ya huko inayoharibu kumbukumbu za mashine, na kwamba kompyuta huzeeka ndani ya miaka mitano na hakuna fundi wa kupanda kuzibadilisha, kituo cha juu kinagharimu mara nne ya kile cha chini kwa kazi ile ile. Kingelipa kama bei ya roketi kwa kilo ingeshuka mpaka sehemu moja ya kumi. Huenda ikashuka. Haijashuka.

Mkubwa wetu alishawaahidi wenye fedha. Akaniita mara tatu. Hakunikaripia, Mama, ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole, "Punguza tu upana wa mabati. Nani atakwenda kuyapima?" Nikarudi kwenye kiti changu na ile karatasi. Nikawaza gauni lako. Nikawaza wale wasichana watatu. Nakiri nilishika kalamu, nikayapunguza, nikatazama jinsi hesabu ilivyopendeza.

Halafu nikaona kwamba nilikuwa najiandaa kusema ni paka.

Haikuwa paka, Mama. Ni mimi. Nilitaka kujua kwa nini chai haipoi. Nikafungua kitako cha Bluu, nikaingiza kidole, nikasikia "tii", kama mtu anavuta pumzi, halafu kioo chote kikashuka. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikiingia chumba chako bila kutazama juu ya kabati.

Nikarudisha mabati upana wake. Mwisho wa ripoti palikuwa na sanduku la jibu: ndiyo au hapana. Nikaandika "Bado." Mkubwa akasema bado si jibu. Nikamwambia kwetu ni jibu.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu, hawataurudia. Nisamehe kwa aibu niliyokuletea mbele ya watu.

Kidole

19 Juni

Mwanangu, Kidole changu,

Salamu ni zile zile, shangazi goti, mtaro bado. Nisikucheleweshe.

Nilikaa chini kama ulivyosema. Nikasoma peke yangu, mara mbili. Halafu nikalia kidogo, kwa sababu ya mshahara, nisikudanganye. Halafu nikavaa gauni la Mkasi.

Nilichemsha chai asubuhi. Nikajaza chupa moja, nikajaza na kikombe kimoja, nikaenda navyo kwa Mkasi, mahali ambapo watu hawakosi. Kikombe nikakiweka dirishani penye upepo. Nikawaambia wakae, wangoje, sisemi neno. Unaijua kazi ya kumfanya Mkasi angoje? Mchana ulipofika nikampa kikombe. Akanywa, akakunja uso: "Imekuwa maji ya mto!" Nikammiminia kutoka kwenye chupa. Akapiga yowe, akaunguza ulimi. Nikasema, haya. Kikombe ni kituo cha chini. Chupa ni kituo cha juu. Mimi niliwaambia huko kunapoa bure. Nilikosea, na niliwatilia chumvi kwa mikono miwili. Binti yangu amepima, amesema bado.

Mkasi na ulimi wake ulioungua akauliza, "Kwa hiyo mwanao kashindwa?"

Nikasimama. Nikamwambia, "Mkasi, walimpa kalamu na mshahara aandike ndiyo. Ndiyo wangeandika watu wote wa mtaa huu, na mimi ningekuwa wa kwanza kwa ajili ya gauni hili. Yeye kaandika bado. Wenye roketi wamekaa na vikombe vyao wanangoja rangi. Wewe una mtoto wa hivyo?" Akasema hana. Akasema gauni nisirudishe.

Wasichana nimewaambia ukweli wote, wa dada na data. Wawili wamechukua vyeti wakanuna. Yule wa hesabu hakuchukua. Anasema mapana kuliko kiwanja cha mpira ni mapana mno, anataka kukuuliza mwenyewe umeyapataje.

Sasa zamu yangu. Chai haiendi vizuri. Karakana ilifungwa mwaka juzi. Geti lina kufuli lenye kutu, na ule ukuta wa upepo wameubomoa wakauza matofali. Asubuhi bado naamka, nachemsha, najaza chupa moja badala ya saba, naketi na Mkasi tunaimaliza. Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi yako kubwa uje kunitazama. Basi nami nilikuwa na paka wangu.

Na huyo paka wako nilimjua tangu siku ile. Paka gani anafungua kitako cha chupa? Vipande vingine ulivitia ndani ya buti la baba yako. Alivikuta kwa kidole gumba. Nilitaka kukuita, naye ameshika mguu unatoka damu, anacheka, akanizuia. "Mwache. Atasema mwenyewe." Nikasema basi kesho nikanunue kioo kingine. Akasema, "Usikitie, mpaka aseme." Sijui kama alikuwa anatania. Kesho yake sikukumbuka kumuuliza, na miaka ikapita, na yeye akapita, nikabaki na neno lake. Ndiyo maana Bluu ina sindano za kufumia.

Nimeishusha leo. Nimeifuta. Ua lake limefifia, lakini mwili mzima.

Njoo nyumbani. Pitia dukani, uulize kioo cha lita moja na nusu. Ukibebe mkononi, usikitie kwenye sanduku, na usiingize kidole. Mimi sitaweka sufuria motoni mpaka nikuone mlangoni, kwa hiyo ukifika ukauliza chai, unajua nitakavyokujibu.

Mama Bado

Tena: T zako katika barua hii ya mwisho zimenyooka. Nimemwonyesha shangazi yako.